Uliza Mwalimu: Bibi Kalala, Brutus Mheshimiwa

Likizo ya Juni imefika na simu yangu imejaa picha za madaftari. Mjukuu wangu hunikuzia herufi, nami nasoma nikiwa barazani hapa Tanga, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea tu, maana kioo cha simu hakiandikiki. Kwa wasomaji wapya: nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 33, nimestaafu, na masharti yangu hayajabadilika. Niletee ulichojaribu, hata kama kimekatwa chote. Ukiniletea swali tupu bila jaribio lako, nami nitakurudishia swali.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili, Korogwe. Tuliambiwa tuandike aya kuhusu nyumbani. Nikaandika: "I have visited my grandmother yesterday. When I arrived she has slept. She has worn a blue khanga." Mwalimu kakata sentensi zote tatu, pembeni kaandika "Tense!" basi. Nimekosea wapi?*

Marahaba mjukuu wangu. Umekosea mara tatu, lakini si kwa uzembe. Umeandika Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza. Umekaa miaka saba ya msingi ukisoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza ukaambiwa geuka. Lugha haigeuki siku moja kama shati.

Tuanze na jana. Mtaani tunasema "nimemtembelea bibi jana" na hakuna anayetushtaki. Kiingereza hakikubali. Hiyo "have" haikai nyumba moja na wakati uliokwisha. Ukiona "yesterday", "last week", "in 1961", "when I was in Standard Four", ujue "have" inatoka, linaingia tendo lililopita peke yake: "I visited". "Have" ni ya habari ambayo bado iko mlangoni. Ukisema "I have lost my key", nakuona umesimama nje sasa hivi, unapapasa mifuko. Ukisema "I lost my key in March", huenda ulishachonga mwingine na mimi naendelea na mambo yangu.

Sasa bibi. Hapa ndipo -me- yetu inapowaponza watu, hata wakubwa wenye vyeti. -Me- ina kazi mbili. Tukisema "amefika", "amevunja", "amelipa", tunasema tendo limefanyika, na "has" inatosha. Lakini tukisema "amelala", "amesimama", "amekaa", "amechoka", "amenuna", hatusimulii tendo, tunaeleza alivyo sasa hivi. Kwa Kiingereza alivyo mtu ni kazi ya "is" na "was": "she is asleep", "he is standing", "they are tired". Ukimwambia mgeni Mwingereza "Grandmother has slept", atakuelewa kwamba bibi usingizi kaupata, kashiba, pengine sasa yuko macho. Ataingia na viatu vyake akipiga kelele.

Kwa hiyo kabla hujaandika "has", jiulize: najibu "amefanya nini?" au najibu "yukoje?" Ikiwa ni yukoje, tafuta "is" au "was". Na kanga ya bibi ni vilevile. Amevaa, yaani ndivyo alivyo, kanga iko mwilini: "is wearing". Na kwa kuwa ni habari ya jana: "When I arrived she was asleep. She was wearing a blue khanga." Ukitazama vizuri utaona hata Kiswahili kilikuwa kinakudai "alikuwa amelala", wewe ukaidondosha hiyo "alikuwa" njiani.

Funika jibu langu, uandike aya upya, kisha uongeze sentensi mbili: bibi alikuwa amelala wapi, na nani alimwamsha.

Walimu wenzangu, najua madarasa yalivyofurika na najua madaftari yalivyo mlima. Lakini "Tense!" na alama ya mshangao si maelezo. Hata mimi niliandika hivyo miaka mingi, na sasa naletewa hesabu yake.

*Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro, miaka 29. Najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nasoma usiku nikishapaki. If zinanishinda. Nimeandika "If I would have known, I would have come early" na "If you will come, I will give you". Kitabu cha majibu kinasema zote mbaya.*

Hongera mwanangu, na kofia ngumu uivae. Wewe umebahatika, kwa sababu Kiswahili kimeshakufundisha "if" zote tatu, ila hujaambiwa.

"Ukija, nitakupa." Angalia ile "ukija". Iko wapi -ta- ndani yake? Haipo. -Ki- imeshaifukuza. Basi na Kiingereza hivyohivyo, upande wenye "if" hauna "will": "If you come, I will give you." Kumbe uliharibu palepale ambapo Kiswahili chako kilikuwa kinakuonesha njia.

Kwingine ndiko kuna mtego. "Ungekuja, ningekupa." "Ungalikuja, ningalikupa." Sisi tunarudia -nge- pande zote mbili, -ngali- pande zote mbili, kama mizani. Ndiyo maana mkono wako unataka "would" mbili. Kiingereza kina "would" moja tu, nayo inakaa upande usio na "if". Upande wa "if" unarudi nyuma hatua moja: -nge- inakuwa "If you came, I would give you", na -ngali- inakuwa "If you had come, I would have given you." Najua siku hizi wengi tunatumia -nge- hata kwa mambo yaliyokwishapita. Kwa ajili ya mazoezi haya rudi kwenye utengano wa zamani, utakusaidia. Ile "laiti ningalijua" ya mtu aliyekwisha kuchelewa ndiyo "If I had known".

Zoezi: ukiwa kijiweni unangoja abiria, chukua kila mtu anayepita na umtungie "if" tatu. Yule mwenye kuku: akinisimamisha nitambeba, angenisimamisha ningembeba, angalinisimamisha ningalimbeba. Ukifika kwa abiria wa kumi hutahitaji kitabu cha majibu.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Kidato cha tano, Unguja. Tunasoma tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar, na tumepewa hotuba ya Antony kwenye maziko ya Caesar. Swali: "How does Antony use irony?" Mimi nimejibu kwamba Antony anamsifu Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, kwa sababu anamwita "an honourable man" mara nyingi. Nimepata sifuri. Mwenzangu kaandika kinaya, yaani hiyo irony, kapata zote, lakini ukimuuliza kinaya kiko wapi hajui, kakariri.*

Waalaykum salaam. Mwambie mwenzako sifuri yako ina heshima kuliko maksi zake. Wewe umesoma maneno, yeye kasoma mwongozo.

Hotuba hii nimeifundisha mara nyingi kuliko nilivyopika pilau, na kila mara naianza na kanga. Jirani amenunua kanga yenye maandishi "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", kaianika kwenye kamba, na kamba yenyewe imeelekea mlango wako. Siku ya kwanza unaona nguo. Siku ya pili unaona jina lako. Ukienda kumuuliza, atafungua macho: "Shoga, kanga tu hii, nimeikuta dukani." Huna la kumshika. Kila neno limo hadharani na hakuna neno alilokutamkia.

Sasa rudi Roma. Antony amefungwa mdomo. Brutus amemruhusu aseme mazishini kwa masharti: amsifu Caesar apendavyo, ila asiwalaumu waliomuua, na aseme anazungumza kwa idhini yao. Waliomuua wana nguvu, na dakika chache zilizopita umati ulikuwa unamshangilia Brutus. Akisema waziwazi "hawa ni wauaji" atakwisha papo hapo. Kwa hiyo anafanya nini? Anaanika kanga.

Chukua penseli. Katika sehemu ile ya kwanza, kabla hajasita kwa machozi, pigia mstari kila anapomwita Brutus "an honourable man". Utapata mara nne. Sasa tazama kinachokuja baada ya kila moja. Mara ya kwanza hakuna kitu, ni adabu tu, na watu wanaipokea kama adabu. Mara ya pili, papo hapo anakumbusha kwamba Caesar alileta mateka wengi Roma na fidia zao zikajaza hazina ya umma. Na kwamba maskini walipolia, Caesar alilia nao. Je, huo ndio uroho wa madaraka? Lakini Brutus kasema alikuwa mroho wa madaraka, na Brutus ni mheshimiwa. Baada ya mara ya tatu anawakumbusha kitu walichokiona kwa macho yao: nilimpa taji la kifalme mara tatu, mara tatu akalikataa. Halafu inakuja ya nne, na hapo kuna neno dogo jipya limeingia: "And, sure, he is an honourable man." Hiyo "sure"! Isome kwa sauti. Isome kama mama wa taarabu anavyovuta ubeti huku akimtazama mtu mmoja ukumbini.

Neno halikubadilika, kilichobadilika ni kilicholizunguka. Ndiyo kinaya hicho. Na wewe Mswahili unalo neno lenyewe tayari mdomoni, maana "honourable" kwetu ni "mheshimiwa", na hakuna asiyejua kwamba "mheshimiwa" linaweza kutamkwa kwa namna ya kumvua mtu nguo. "Kaja mheshimiwa wetu." Umesikia?

Na bado anakana, kama jirani yule. Anasema, "I speak not to disprove what Brutus spoke." Kanga tu hii, nimeikuta dukani.

Sasa ushahidi kwamba fumbo limefika: msikilize raia mmoja baadaye kidogo. Anapaza sauti, "They were traitors: honourable men!" Yule hasemi tena kwa adabu, analitema lile neno. Antony hajawaita wasaliti, watu wamejiitia wenyewe. Kwenye jibu lako usiache mstari huo, ndio unaoonesha ulielewa matokeo. Andika mambo matatu kwa mpangilio huo: kwa nini hakuweza kusema waziwazi, neno linageukaje hatua kwa hatua, umati ulilipokeaje. Nukuu fupifupi, usinakili hotuba nzima, msahihishaji anayo.

Ukikwama kwenye Kiingereza cha Shakespeare, tafuta tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Aliitafsiri tamthiliya hii, ikatoka 1963. Soma Kiswahili kwanza, kisha rudi kwenye Kiingereza. Kuna walimu wanaoona hiyo ni kudanganya. Mimi naona ni kusoma mara mbili.

Na kwa kuwa uko hapohapo, maneno ya mwanzo ya hotuba: "lend me your ears". Wasomaji watatu mwezi huu wameniandikia "borrow me your book" wakataka kujua kosa. Kosa ni la "niazime". Sisi tunaazima kwa mtu na pia tunamwazima mtu, neno moja linakwenda na kurudi. Kiingereza kimeweka milango miwili. Anayetoa ana "lend", anayepokea ana "borrow". Antony anawaomba watoe masikio, kwa hiyo "lend". Angesema "borrow me your ears" umati ungecheka, na Brutus angepona.

*Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha nne, kazi yake ya likizo ni hii, kuhusu riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart: "Okonkwo is responsible for his own downfall. Discuss." Hajaandika kitu, anasema kitabu ni kirefu. Naomba umwandikie insha kamili, nitakutumia hela ya vocha. Mama, Dodoma.*

Mama mwenzangu, vocha yako iache, mnunulie mtoto mafuta ya taa au umlipie umeme asome. Insha siandiki. Nikiandika mimi, nitapata maksi mimi, na nina za kutosha.

Lakini nitamfungulia mlango. Mwambie asome sura ya saba tu, leo usiku, ni kurasa chache. Kijana Ikemefuna amekaa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba. Ukoo umeamua auawe. Mzee Ezeudu anakuja kumwonya Okonkwo: mtoto huyu anakuita baba, usitie mkono wako. Okonkwo anakwenda nao. Kijana anatembea katikati yao akiwa na chungu cha pombe kichwani. Panga linamshukia, chungu kinavunjika mchangani, naye anakimbilia kwa Okonkwo akilia, "My father, they have killed me!" Na Okonkwo anachomoa panga lake akammalizia. Achebe anatoa sababu kwa sentensi moja: "He was afraid of being thought weak."

Aiandike sentensi hiyo juu ya karatasi. Kisha aulize: nani alimlazimisha? Ukoo ulidai kifo, haukudai mkono wake. Hilo ni lake. Halafu ajibu upande wa pili, maana neno "Discuss" linataka pande mbili: ile bunduki iliyolipuka kwenye maziko ya Ezeudu na kumpeleka uhamishoni miaka saba, aliitaka? Wageni waliokuja na kanisa na mahakama yao akiwa hayupo, aliwaita yeye? Na mwishoni Obierika, rafiki yake, anamwambia mkuu wa wilaya kwamba ninyi ndio mliomsukuma ajiue. Anamwamini Obierika au hamwamini? Akishaamua, insha imeanza. Akwamapo aniletee aya ya kwanza, hata yenye makosa ishirini. Naipenda.

Ya harakaharaka, kwa waliouliza kwa mstari mmoja:

"Although he is poor, but he is happy." Toa "but", au toa "although". Sisi tunaruhusiwa "ingawa… lakini", Kiingereza kinataka kimoja.

"We discussed about the problem." Hakuna "about". Hata kwetu tunajadili jambo, hatuhitaji hiyo "kuhusu".

"Informations." Hapana. Sisi tunahesabu taarifa, taarifa mbili, taarifa tatu, wao hawahesabu. "Furniture" vilevile, hata ujaze sebule.

"A" au "an"? Usitazame herufi. Andika neno kwa Kiswahili unavyolisikia: awa, onesti, empii, yunivasiti, yuropian, wani. Likianza na a, e, i, o, u, weka "an". Kwa hiyo "an hour", "an honest man", "an MP", lakini "a university", "a European", "a one-day trip". Na Brutus ni onorabo, ndiyo maana ni "an honourable man".

*Mwalimu, kidato cha kwanza, Muheza. Kwenye mazungumzo kitabuni mtu anaulizwa "Haven't you eaten?" Hajala. Mimi nikajaza "Yes", maana ni kweli hajala. Imekatwa.*

Mjukuu wangu, hilo nalijua kwa tumbo. Sisi "ndiyo" yetu inamjibu mtu: umesema kweli, sijala. Kiingereza hakimjali aliyeuliza, kinatazama tendo. Kula kumetokea? "Yes, I have." Hakukutokea? "No, I haven't", hata swali liwe limekunjwa vipi.

Nikiwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa ualimu, nilipangiwa mafunzo kwa vitendo shule moja ya milimani. Basi liliharibika, nikafika usiku wa saa tatu, sijatia kitu mdomoni tangu chai. Mwenyeji wangu, mama wa Kiingereza, alifungua mlango na taa ya chemli mkononi, akauliza, "You haven't eaten, have you?" Nami kwa adabu zote: "Yes, madam!" Akafurahi, akasema vizuri sana, akanionesha kitanda. Maharage yalikuwa bado motoni jikoni, nilisikia harufu yake mpaka mto ulininukia. Usiku kucha nikawa naigeuza ile sentensi, huku na huku, pamoja na tumbo. Alfajiri aligonga mlango, akauliza kama nimelala vizuri.

"No, madam," nikasema, "I haven't eaten."

Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kufunua sufuria.